Mtori haujamshinda, simu imemshinda: ubongo unavyozeeka

Kila Desemba barabara ya kutoka Dar es Salaam hujaa magari ya watu wanaorudi Moshi. Wanapanda Kibosho, Uru, Marangu na Machame, wanakaa wiki moja au mbili, na katika siku hizo chache hutolewa hukumu nyingi juu ya wazazi. Huyu anasema mama kaisha, kwa sababu kashindwa kutoa pesa kwenye simu mpya aliyoletewa. Yule anasema baba yuko imara kama zamani, kwa sababu kapokea wageni, kasalimia kila mtu kwa ukoo wake, kasimamia mbuzi akichinjwa na kagawa nyama bila kukosea nani anastahili kipande gani.

Hukumu zote mbili zinaweza kuwa na makosa, na makosa hayo yanaumiza watu. Mama mwenye akili timamu ananyimwa usemi juu ya kihamba chake, yaani shamba la ukoo. Baba anayeanza kuugua anaachwa mwaka mzima bila kuonwa na daktari. Naandika makala hii kwa sababu jambo hili linaweza kueleweka bila kusomea udaktari, na likieleweka linabadilisha namna tunavyoishi na wazee wetu.

Tunakosea kwa kuuchukulia ubongo kama kitu kimoja kinachochakaa chote kwa mwendo mmoja. Ubongo una uzito wa takriban kilo 1.3 hadi 1.4 na seli za neva zipatazo bilioni 86, na ndani yake kuna mifumo kadhaa ya kujifunza. Mifumo hiyo haifanyi kazi moja, haikai mahali pamoja, na haizeeki kwa kasi moja.

Mtu aliyejifunza bila kukumbuka

Mwaka 1953, katika mji wa Hartford, Marekani, daktari William Scoville alimpasua kichwa kijana wa miaka 27 aliyekuwa akiteswa na kifafa. Aliondoa sehemu za ndani za ubongo, pande zote mbili, ikiwemo sehemu kubwa ya hipokampasi. Kifafa kilipungua sana. Lakini tangu siku ile Henry Molaison, ambaye wanasayansi walimtaja kwa herufi H.M. tu mpaka alipofariki mwaka 2008, hakuweza tena kuhifadhi kumbukumbu mpya za matukio. Ungezungumza naye, ukatoka nje kidogo, na uliporudi angekupokea kama mgeni.

Mwanasaikolojia Brenda Milner, aliyekuwa akifanya kazi Montreal, alimpa zoezi la kuchora nyota huku akiuona mkono wake kwenye kioo tu. Ni kazi ya kuudhi, kwa kuwa kwenye kioo mkono hukimbilia upande usiotakiwa. Siku ya kwanza Molaison alikosea sana. Kufikia siku ya tatu mstari wake ulikuwa umetulia, ingawa hakukumbuka kabisa kwamba aliwahi kufanya zoezi hilo. Mkono ulikuwa umejifunza na mwenyewe hana habari.

Ushahidi wa upande wa pili ulitimia mwaka 1996. Barbara Knowlton na wenzake walitumia mchezo wa karata ambamo mtu anabashiri kama mvua itanyesha au jua litawaka. Uhusiano wa karata na hali ya hewa ulikuwa wa kubahatisha, kiasi kwamba huwezi kuukariri. Unaushika polepole, kwa kurudia. Watu waliopoteza kumbukumbu kama Molaison waliushika. Wagonjwa wa Parkinson, ugonjwa unaotetemesha mwili, walishindwa kuushika, ingawa walikumbuka vizuri kila walichofanya katika mazoezi yale.

Ukiyaweka matokeo hayo pamoja, picha inakuwa wazi. Hipokampasi hukusaidia kukumbuka matukio: nani alikuja jana, umeiweka wapi risiti ya mbolea, daktari alisema nini. Sehemu nyingine iliyo ndani kabisa ya ubongo, striatamu, ambayo Parkinson huidhoofisha, hukusanya ujuzi na mazoea: jinsi ya kupogoa mkahawa, kuendesha cherehani, kumenya ndizi bila kuangalia kisu. Na mbele kabisa, nyuma ya paji la uso, lipo gamba la mbele la ubongo, linaloshika mambo kadhaa kwa pamoja, linalopima hiki na kile, na linaloweza kusema hapana pale mazoea yanaposema endelea. Gamba hili huchelewa kukomaa kuliko sehemu nyingine, mpaka miaka ya ishirini na kitu, na ni miongoni mwa sehemu za mwanzo kupungua umri unaposogea.

Mazoea huundwaje

Wolfram Schultz aliwachunguza nyani na kugundua jambo lililobadilisha somo hili. Kuna seli zinazotoa kemikali iitwayo dopamini. Nyani alipopata tone la juisi bila kutarajia, seli hizo ziliamka kwa nguvu. Ilipozoeleka kwamba taa ikiwaka juisi inafuata, seli ziliitikia taa, na juisi yenyewe haikuzishtua tena. Taa ikiwaka na juisi isije, seli zilinyamaza kwa muda. Kwa hiyo wanaosema dopamini ni kemikali ya raha wanaipunja. Kazi yake kubwa hapa ni kupeleka taarifa ya tofauti kati ya kilichotarajiwa na kilichotokea, na taarifa hiyo ndiyo inayoifundisha striatamu kipi kirudiwe.

Kitendo kikirudiwa vya kutosha mahali palepale na kwa ishara ileile, ubongo hukifunga pamoja, mwanzo hadi mwisho, na hauhitaji tena kuulizwa katikati. Ni kama mfongo wa zamani unaoteremsha maji kutoka mlimani: ukishafunguliwa juu, maji yanajua yanakokwenda. Ann Graybiel na wenzake waliona jambo hilo kwa panya waliofundishwa kupita njia moja mara nyingi. Mwanzoni seli za striatamu zilifanya kazi njia nzima. Baada ya kuzoea zilichangamka mwanzoni na mwishoni tu.

Na huchukua muda gani? Mara nyingi nasikia siku 21. Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa London, uliofanywa kwa watu 96 na kuchapishwa mwaka 2010, ulionyesha wastani wa siku 66, huku tofauti kati ya mtu na mtu ikianzia siku 18 hadi 254. Kukosa siku moja hakukuharibu kazi. Naomba takwimu hii imfikie kila kijana anayemfundisha bibi yake kutumia simu kwa jioni mbili, kisha anakata tamaa.

Kinachopungua, na kinachoongezeka

Kasi ndiyo huanza kupungua, na mapema kuliko wengi wanavyodhani. Ukimpima mtu jinsi anavyochakata mambo mapya kwa haraka, kushuka huanza tangu utu uzima wa mwanzo, polepole, na huendelea. Pamoja na kasi hupungua uwezo wa kushika mambo kadhaa akilini kwa wakati mmoja. Hata kijana mzima hushika vitu vinne hivi. Sasa fikiria kuingiza umeme wa LUKU: tarakimu 20 zinasomwa kwenye ujumbe wa simu na kubonyezwa kwenye mita ukutani, huku mjukuu anapiga kelele na taa ndani haiwaki. Zoezi hilo linagusa pale hasa ambapo uzee unagusa. Mzee akishindwa hapo hujapima akili yake yote, umepima kona moja ndogo. Mwandikie tarakimu kwenye karatasi, kwa makundi ya nne nne na kwa maandishi makubwa, na mara nyingi tatizo linaisha.

Dopamini nayo hupungua na umri, na ndiyo maana mzee huhitaji marudio mengi zaidi kushika jambo lisilofanana na lolote analolijua. Usingizi mzito, ambao ndani yake kumbukumbu za mchana hupangwa na kuimarishwa, huwa mfupi pia.

Lakini msamiati huendelea kukua mpaka miaka ya sitini, wakati mwingine kupita hapo. Maarifa ya kazi hukua. Raymond Cattell na mwanafunzi wake John Horn walitofautisha akili inayotatua jambo geni na akili iliyojengwa kwa maarifa ya miaka, na tafiti za muda mrefu, kama ule ulioanzishwa na Warner Schaie mwaka 1956 huko Seattle, zimeonyesha kwamba hizo mbili hazishuki pamoja.

Jaribio ninalolipenda kuliko yote katika eneo hili ni la Alan Castel, la mwaka 2005. Aliwaonyesha vijana na wazee bei za vyakula. Bei zilipokuwa za kubuni tu, zisizofanana na dukani, wazee walizikumbuka vibaya kuliko vijana. Bei zilipokuwa za kweli, wazee walikumbuka sawasawa na vijana. Kipya kilipata cha kukishikilia. Mama aliyeuza ndizi soko la Mbuyuni miaka mingi ataikamata bei ya mkungu ya leo asubuhi akiisikia mara moja, kwa sababu kichwani ana bei za misimu yote iliyopita, na ataipoteza namba ya siri ya tarakimu nne, kwa sababu tarakimu hizo hazina ndugu kichwani mwake.

Ndivyo ilivyo kwa kahawa. Taasisi ya utafiti wa kahawa, TaCRI, iliyopo Lyamungo, ilitoa aina mpya zinazostahimili magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani. Mkulima wa miaka sabini hajifunzi mkahawa huo kuanzia sifuri. Anayo tayari picha kamili ya mmea, magonjwa, mvua na soko, na jambo jipya linaingia kwenye nafasi yake. Anayemfundisha aanze na mkahawa wa zamani ndipo aende kwenye tofauti. Hata kwenye simu inawezekana: mzee aliyeweka akiba kwenye kikundi cha kijiji anaelewa upesi ukimwambia wakala ni kama mweka hazina, na namba ya siri ni ufunguo wa sanduku ambao hata mweka hazina hapewi.

Na kama kuna anayeamini kwamba mtu mzima hawezi kubadilika kichwani, nchi hii ina ushahidi mkubwa kinyume chake. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na katika miaka iliyofuata mamilioni ya Watanzania waliingia kwenye madarasa ya kisomo wakiwa na watoto, wengine na wajukuu. Miaka 40 baadaye, mwaka 2010, Stanislas Dehaene na wenzake walichapisha picha za ubongo za watu wa Brazil na Ureno: wasiojua kusoma, waliojifunza utotoni, na waliojifunza ukubwani. Waliojifunza ukubwani nao walikuwa na eneo la kuona lililokuwa limejifunza kuitikia maneno yaliyoandikwa, na namna ubongo wao ulivyochakata lugha ya kusikia ilikuwa imebadilika. Ninapomwona bibi wa Old Moshi akisoma Biblia kwa kidole, neno kwa neno, najua naona ubongo uliojijenga upya mtu akiwa tayari mama wa familia.

Kuamua

Kwenye uamuzi, mifumo hii hukutana, wakati mwingine hugombana. Jambo linalojulikana huamuliwa kwa uzoefu, na hapo mzee mara nyingi humzidi kijana. Kununua ng'ombe, kusuluhisha mpaka wa kihamba wenye isale, mimea ya mpakani, zilizong'olewa, kupima kama kijana fulani atamuoa binti kweli: gamba la mbele halihitaji kuhangaika sana, maarifa yanafanya kazi. Jambo geni lenye chaguo nyingi, linalobadilika haraka, humwelemea. Ben Eppinger na wenzake walionyesha mwaka 2013 kwamba, katika mazingira ya aina hiyo, wazee huegemea zaidi kurudia kilichowahi kuleta faida kuliko kupanga upya hatua kwa hatua. Hofu humsukuma mtu yeyote, hata kijana, upande huohuo wa mazoea. Matapeli hawajasoma tafiti hizo, ila wanazitumia kila siku.

Tazama ule ujumbe ambao kila Mtanzania ameupata: ile hela itume kwenye namba hii. Unafanya kazi kwa aliyekuwa na hela ya kutuma kweli, kwa sababu kitendo kilikuwa kimeshaanza kichwani mwake na ujumbe unakimalizia tu. Au simu inapigwa, sauti ya haraka inasema pesa imeingia kwako kwa makosa, mtoto yuko hospitali, irudishe sasa hivi. Haraka inalinyima gamba la mbele muda, na hofu inafanya yaliyobaki. Kuna jambo moja zaidi. Mwaka 2012 kundi la watafiti wa Los Angeles, akiwemo Shelley Taylor, lilionyesha kwamba wazee waliona nyuso zenye dalili za ulaghai kuwa za kuaminika kuliko vijana walivyoziona, na sehemu ya ubongo iitwayo insula, ambayo husaidia kuleta ile hisia ya kushtuka moyoni, haikuchangamka kwao kama kwa vijana. Kwa hiyo mzee aliyetapeliwa asisimangwe. Kengele yake ya tahadhari imepungua sauti, kama macho yanavyopungua nguvu, na hakuna anayemsimanga mtu kwa kuvaa miwani.

Kinga inayofaa ni kumpa mazoea mapya badala ya mawaidha. Kanuni moja, maneno yaleyale, ishara ileile: pesa ikitajwa kwenye simu, nakata, nampigia mwanangu. Ifanyiwe mazoezi kwa mdomo, mara nyingi, kwa wiki nyingi, mpaka itoke yenyewe hata akiwa na hofu. Ujumbe wenyewe utumwe namba 15040 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na hiyo inaweza kuwa kazi ya mjukuu.

Mazoea yanapoficha ugonjwa

Hapa ndipo narudi kwa baba anayesemwa kuwa imara. Ugonjwa wa Alzheimer, unaosababisha sehemu kubwa ya dimenshia, yaani kupotea kwa kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, huanza kuharibu maeneo ya hipokampasi na jirani zake, na huchelewa kufika kwenye mazoea. Mtu anaweza kuwa amepoteza kumbukumbu ya jana na bado akasalimia kwa ufasaha, akaongoza sala, akapika mtori usio na kasoro. Mila zetu ni tajiri kwa mambo yanayofanyika kwa mpangilio uleule, na utajiri huo unamficha mgonjwa. Muulize jambo la wiki hii, lisilo na mpangilio: juzi alikuja nani, mlikubaliana nini kuhusu maji, pesa ya maziwa iko kwa nani.

Wilaya ya Hai, kwenye barabara ya kwenda Arusha, imetoa mchango mkubwa kwa elimu hii. Mwaka 2010 watafiti waliwapima watu 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi katika vijiji vya wilaya hiyo. Baada ya marekebisho ya umri, asilimia 6.4 walikuwa na dimenshia, takriban mtu 1 kati ya 16. Kiwango hicho hakitofautiani sana na cha nchi tajiri, kwa hiyo yale maneno kwamba huku kwetu ugonjwa huo haupo hayana msingi.

Vipimo vya Ulaya vilileta shida, maana humtaka mtu aandike sentensi na achore maumbo kwa kalamu. Mzee ambaye hajawahi kushika penseli angeonekana mgonjwa ilhali mzima. Ndipo likaundwa huko Hai pimo fupi liitwalo IDEA. Mzee hutaja wanyama wengi kadiri awezavyo kwa dakika moja, hukumbuka maneno aliyosomewa, hutaja kiongozi wa eneo lake, na badala ya kuchora, hupanga njiti za kiberiti kufuata mfano. Sijui pimo lenye heshima zaidi kwa mtu asiyesoma. Wilayani humo pia vimejaribiwa vikundi vya kuchangamsha akili kwa wenye dimenshia ya mwanzo, vyenye mazungumzo, nyimbo na shughuli wanazozijua.

Si kila kusahau ni dimenshia. Sonona, tezi ya shingoni isiyofanya kazi vizuri, upungufu wa vitamini B12 na baadhi ya dawa vinaweza kuchanganya kichwa, na vinatibika. Mzee akichanganyikiwa ghafla, ndani ya siku moja au mbili, hiyo ni dharura. Maambukizi, hata ya mkojo, yanaweza kufanya hivyo, na kiharusi pia.

Kuhusu kujikinga, kamisheni ya jarida la The Lancet ilikadiria mwaka 2024 kwamba karibu asilimia 45 ya dimenshia duniani inahusiana na mambo 14 yanayoweza kurekebishwa. Baadhi yake tunayaishi kila siku: presha isiyotibiwa, kisukari, pombe kupita kiasi, sigara, upweke, kutosikia na kutoona vizuri. Kutosikia nakutaja kwa msisitizo kwa sababu kunachukuliwa kama jambo la kawaida. Asiyesikia hujitenga na mazungumzo, na ubongo wake hukosa kazi. Kutembea nako kuna ushahidi. Mwaka 2011 Kirk Erickson na wenzake walichapisha matokeo ya wazee 120: waliotembea kwa dakika 40, mara tatu kwa wiki, kwa mwaka mmoja, hipokampasi zao ziliongezeka ukubwa kwa asilimia 2 hivi, wakati za wenzao waliofanya mazoezi ya kujinyoosha tu zilipungua. Aliyezoea kupanda na kushuka mlima kwenda shambani asihamishiwe mjini akakalishwe kwenye kochi kwa jina la kutunzwa.

Ukimpeleka mzazi hospitali ya KCMC, ya Mawenzi au kituo cha afya kilicho karibu, aende na mtu anayeishi naye, hata kama ni msichana wa kazi, si mtoto aliyefika jana kutoka mbali. Daktari atapata salamu nzuri, majibu ya adabu na pengine utani kidogo, na yote hayo ni mazoea. Anachohitaji kusikia ni kwamba tangu msimu wa kahawa uliopita amerudia swali lilelile mara nyingi kwa siku, au ameacha kuhesabu pesa za maziwa alizozihesabu miaka yote. Mlete pia na dawa zote anazomeza, zikiwa kwenye mfuko mmoja, za hospitali na za kienyeji.